Watu Waliotoroka Kwenye Chuma

Kwa miaka mingi niliamini kwamba watu waliochongwa kwenye vyuma vya panga za Kijapani hutoroka. Sikuamini nusunusu. Niliamini kama ninavyoamini kwamba chai isiyo na tangawizi ni maji ya kusuuzia vikombe. Mwenye upanga akifa, au upanga ukiuzwa, yule shujaa wa dhahabu hushuka kwenye chuma, hukusanya vyake, huyo kaenda zake. Hubaki mti, mwezi, daraja, au kofia aliyoisahau kwa haraka.

Aliyenifundisha haya ni Otieno, Mkenya wa Kisumu, mlinzi wa jengo lenye duka letu pale Deira. Tulikuwa tukikaa naye chumba kimoja International City, vitanda vya kupandana, yeye juu mimi chini, na Otieno akigeuka usingizini ghorofa nzima iliamka. Siku moja alipita dukani kuomba chai, akakiona kisahani cha chuma mezani kwangu. Kilichongwa ubao wa mchezo, kete zimepangwa, na pembeni shoka lililooza mpini. Wachezaji hakuna.

"Buda, wenye mchezo wako wapi?"

"Sijui. Ndivyo kilivyoletwa."

"Kilikuwa cha nani?"

"Cha mzee mmoja aliyefariki. Watoto wanauza."

Otieno akapuliza chai. "Basi hiyo ndiyo maneno. Mwenyewe ameenda, hao majamaa hawana kafeel. Sasa wewe ungebaki hapo unacheza game?"

Ninyi mnaofanya kazi mji huu hamhitaji kuelezwa. Mtu mwenye kafeel, mdhamini wake wa kazi, ana kitanda, ana karatasi, ana pa kusimama. Asiye naye huanza kuangalia mlango. Hoja ya Otieno ilikuwa nzito kuliko kontena la mchele. Nikaimeza nzima, naye akaondoka na kikombe chetu.

Mmeniuliza, vijana mnaoanza kwenye maduka ya vitu vya kale, kazi ile ilikuwaje. Ilikuwa hivi. Upanga wa Kijapani una vyuma vyake vya pambo. Viko vidogo vinavyobanwa chini ya kamba za mpini, viko vya kufunikia ncha ya mpini, na mkubwa wao ni tsuba, kisahani kinachokaa kati ya mpini na upanga wenyewe ili mkono usiteleze ukafika kwenye makali. Ukubwa wake ni wa kitumbua kilichokaliwa. Katikati kina tundu la kupitishia upanga. Na juu ya kitumbua hicho mafundi wa kale walichonga hadithi nzima: mzee wa ndevu anayewasaka mashetani huku shetani mmoja kajificha juu ya kofia yake, mtu wa miguu mirefu kambeba mgongoni mtu wa mikono mirefu, wanavua samaki kwa ushirika, mnyama wa porini aliyejigeuza birika la chai. Wenye panga walikwisha zamani. Vyuma vimebaki, na watu wanavikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu, ila stempu ikikuangukia mguuni hulazwi hospitali.

Mimi nilitoka hotelini. Kazi yangu kule ilikuwa kung'arisha shaba: vishikio vya milango, reli za ngazi, vitufe vya lifti. Nilikuwa hodari mpaka wageni wakawa wanavaa miwani ya jua ndani ya lifti. Jioni nikienda shule ya usiku, na cheti cha kidato cha nne nilikipata nikiwa na mvi, mwanafunzi pekee aliyemzidi mwalimu umri. Kwa cheti hicho na mkono huo nikaingia kwa Arbab Seif. Huyu alikuwa mwenyeji wa hapahapa, lakini mama yake alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu mimi wa Muheza. Tulimwita Arbab kwa sababu ndiye mwenye duka. Yeye aliniita Athumani, na akikasirika aliniita Bwana Athumani.

Wiki ya kwanza aliniita Bwana Athumani. Alikuwa ameniachia kipambo cha mpini, yule mnyama aliyejigeuza birika, cheusi tii kama zambarau iliyoiva. Nikasema moyoni, chuma hiki kimetelekezwa, hakijawahi kuona mtu mwenye utu. Nikachukua dawa ya shaba na kitambaa, nikaanza kukiokoa. Arbab aliporudi kutoka kuswali adhuhuri, mnyama alikuwa mwekundu kuanzia mkia mpaka kiunoni, anameta kama sufuria ya bibi harusi.

"Bwana Athumani," akasema, "huo weusi ulikuwa uchafu?"

"Ndiyo Arbab. Mwingi sana. Ila hautoki kirahisi."

"Hautoki kirahisi kwa kuwa ndiyo rangi yake. Shaba imetiwa dhahabu kidogo, ikachemshwa kwenye dawa zao mpaka ikawa nyeusi. Ile ndiyo sanaa yenyewe unayoifuta."

Hakunifukuza. Alikiweka kipambo kwenye rafu, juu ya birika letu la chai, nusu cheusi nusu chekundu, na kwa muda wote niliokaa pale nilikiona kila nilipotia maji. Mpaka leo nikishika kitambaa mkono hutulia wenyewe.

Basi shikeni haya. Chuma cheusi cha kale hakisuguliwi kwa dawa. Kutu nyekundu hutolewa kwa kipande cha mfupa au pembe, polepole, kisha kitambaa cha pamba kikavu, kisha kitambaa tena, kisha tena, mpaka mke wako akuulize kama umemuoa yeye au kitambaa. Kutu nyeusi huachwa. Hiyo ni ngozi yake. Usishike kwa vidole vyenye jasho, maana kidole cha leo ni doa la mwakani.

Na jihadharini na AC. Vitabu walivyotuletea viliandikwa na watu wa nchi za baridi, hawakujua Agosti ya Deira. Chuma kikilala ndani ya duka lililopozwa, ukakitoa nje ghafla, kinatoka jasho kama mbeba mizigo. Maji hayo ndiyo kutu ya kesho. Kifunge kwanza kwenye kitambaa, kitambaa ndani ya mfuko, mfuko ndani ya boksi, kisha ukifika uendako usifungue. Kunywa chai. Ngoja chuma nacho kizoee. Niliwahi kumngojesha tajiri mmoja sebuleni kwake hivyo, ananiangalia mimi, anaangalia boksi, ananiangalia mimi, nikanywa chai yake yote ya siku ile.

Siku hizi mna simu zinazoona mpaka mawazo ya chuma. Sisi tulikuwa na tochi. Lakini hata leo naona vijana wanamulika kutoka juu, na taa ya juu inadanganya. Ilaze tochi ubavuni, mwanga utambae juu ya chuma kama jua la alfajiri juu ya shamba, kila tuta litatoa kivuli chake. Halafu chukua pamba, ifumue iwe nyepesi, ipitishe bila kukandamiza. Penye pambo lililonyanyuka au lililong'oka, uzi mmoja wa pamba utanasa. Dhahabu haibandikwi kwa gundi pale. Chuma huchimbwa vijino vingi kama vya msumeno mdogo, dhahabu ikagongwa juu yake, ikaumwa. Hata ikiondoka, vijino vinabaki. Pamba inavijua.

Hayo niliyajua vizuri. Na wakati huohuo, kichwani, nilikuwa na elimu ya Otieno. Kila mzigo mpya ulipoingia dukani nilivilaza visahani kifudifudi mpaka vizoee. Ndani ya metro nilishika mfuko kwa mikono miwili. Nikiwa peke yangu niliwaambia kwa sauti ya chini, "Khalas, tulieni. Arbab mpya ni mtu mzuri, halipi sana lakini hapigi kelele." Na kweli, wanangu, kwa zamu zangu hakutoroka hata mmoja. Nililiona hilo kuwa ushahidi.

Sasa niwape kisa cha mtaa wa Mirdif. Kulikuwa na madam mmoja, mjane. Mumewe alikuwa daktari, na alivikusanya vyuma hivi maisha yake yote. Madam alikuwa anahama kwenye ile villa, akampigia Arbab simu aje kuvinunua. Arbab alikuwa na wageni dukani, akanituma nitangulie nikatazame hali ya vyuma.

Mlango ulifunguliwa na dada wa kazi, macho mekundu. Alinitazama kutoka kichwani mpaka viatu.

"Wewe ndiye fundi wa Deira?" akauliza kwa Kiingereza.

"Ndiye."

"Mtanzania?" Hapo akahamia Kiswahili.

"Wa Muheza."

"Kaka, afadhali ungekuwa Mhindi," akasema. "Sasa atasema tumepanga."

Jina lake Prisca, mtu wa Tukuyu. Akanieleza palepale mlangoni, harakaharaka. Ukutani palikuwa na visahani viwili vya jozi, kikubwa na kidogo. Asubuhi ile madam alipovishusha aliona kile kidogo hakina watu. Anasema walikuwemo wawili, wa dhahabu, amewaona miaka yote ya ndoa yake. Na anayefuta vumbi nyumba ile ni Prisca peke yake.

"Amesema anangoja fundi," Prisca akamalizia. "Ukisema wameng'olewa, anapiga simu polisi. Begi langu liko pale."

Nililiona, mlangoni mwa jikoni, limefungwa zipu.

"Na umewang'oa?"

"Kaka, mimi hata sijawahi kuona watu humo. Nafuta vumbi, siangalii picha."

Madam alikuwa mezani na visahani vyake. Jozi ile ilikuwa ya panga mbili zilizovaliwa pamoja, mrefu na mfupi, na hadithi yake ni moja. Palikuwa na mtawa mkubwa kama mlango, alisimama darajani kila siku akiwanyang'anya wapita njia panga zao. Akaja kijana mwembamba anapiga filimbi, amevaa mitalawanda, viatu vya mbao. Wakapigana. Kijana akarukia juu ya ukingo wa daraja, mwepesi kama nzi wa machungwa, mpaka mtawa akasalimu amri na kuwa mtu wake. Kwenye kisahani kikubwa wote wawili walikuwepo, wa dhahabu, wamekamatana. Kwenye kidogo palikuwa na daraja lilelile, mkuki wa mtawa umelala, na mtalawanda mmoja. Mtu hakuna.

Moyo wangu ukasema: Otieno.

Hata hivyo kazi ni kazi. Nikafungua tochi, nikailaza ubavuni. Ngozi ya kutu nyeusi ilikuwa moja, kutoka ukingo huu wa daraja mpaka ule, hakuna mahali peupe, hakuna mkwaruzo. Nikafumua pamba, nikaipitisha mara moja, mara mbili. Ilipita kama inapita juu ya kioo. Hakuna kijino hata kimoja. Nikarudia upande wa nyuma kwa ajili ya Prisca, ingawa nyuma hapakuwa na kitu cha kutazama.

"Madam," nikasema, "hapa hakuna kilichong'olewa."

Nyuma yangu nilisikia Prisca anashusha pumzi.

"Basi wako wapi?" madam akauliza. "Mimi si kipofu. Nimewaona kwa macho yangu."

Wanangu, mahali pale ndipo fundi mwenye akili hufunga boksi lake na kusema tu kwamba hajui. Lakini mimi nilikuwa najua. Nilikuwa na ushahidi wote mezani: mwenyewe amekufa, chuma hakina jeraha, na kiatu kimoja kimedondoka kwa haraka.

"Wameondoka wenyewe, madam," nikasema. "Baada ya sir kufariki."

Madam akanitazama mimi, akamtazama Prisca, akanirudia mimi.

"Ninyi wawili mnatoka nchi moja?"

"Ndiyo madam, lakini mbali. Mbali kuliko hapa na Muscat."

Akanyoosha mkono akachukua simu.

"Kaka," Prisca akasema kwa Kiswahili, taratibu, bila hata hasira, "umenimaliza."

Niliona nilivyofanya. Tochi na pamba vilikuwa vimemtoa Prisca kwenye shimo, na mdomo wangu umemrudisha na kumwekea kifuniko. Nikasema, "Madam, kabla hujapiga huko, mpigie arbab wangu. Mimi ni fundi tu. Akisema vingine, waite polisi watuchukue sote wawili, na mimi nitakaa hapahapa."

Alifikiri. Akampigia Arbab.

Kutoka Deira mpaka Mirdif si safari, lakini siku ile Arbab alipitia Oman. Hakuna aliyeketi isipokuwa madam. Prisca alisimama karibu na begi lake, mimi karibu na boksi langu, kama abiria wawili wa ndege tofauti.

Arbab alipofika alisalimia, akaosha mikono, akaikausha vizuri. Akalaza tochi ubavuni. Akapitisha pamba. Kisha akageuza kisahani, akakirudisha, na akasema kama nilivyosema: hakuna kilichong'olewa. Madam akafungua mdomo, naye akamwahi kwa upole.

"Marehemu alikuwa akisimulia hadithi ya daraja hili?"

"Kwa kila mgeni."

"Nisimulie, madam. Kama alivyokuwa akisimulia yeye."

Madam akavuta kisahani kikubwa. Akaanza kwa kusitasita, kisha ikamjia. Hapa mtawa amesimama, akasema, akaweka kidole juu ya mtawa. Hapa kijana anatokea, akaweka kidole juu ya kijana. "Kisha alikuwa akihamia kwenye kidogo, kila mara hivi." Kidole kikahamia. "Na hapa mtawa anatupa mkuki, na kijana anaruka, anatua hapa juu ya ukingo, na hapa anacheka."

Kidole chake kilikuwa juu ya chuma kitupu.

Hakukiondoa kwa muda. Arbab akawa anazitazama kucha zake.

"Alikuwa akiifanya sauti ya kile kicheko," madam akasema.

"Naam," Arbab akasema.

Madam akaigeuza simu kifudifudi mezani. "Prisca."

"Yes madam."

"Nimekukosea. Rudisha begi lako chumbani."

"Yes madam," Prisca akasema, ila hakulirudisha papo hapo. Alikuja kwanza mezani, akainama, akakitazama kile kisahani kidogo kwa karibu, daraja, mkuki, mtalawanda. "Ndicho hiki?" akaniuliza kwa Kiswahili. Nikamwambia ndicho. Akakitazama tena, kisha akaenda kulibeba begi.

Vyuma vyote madam alituuzia, ila jozi ile alihama nayo.

Tuliporudi, Arbab ndiye aliyeendesha. Mimi nilikuwa na raha. Nilikuwa nimemsikia kwa masikio yangu akithibitisha maneno yangu mbele ya madam, na nikahesabu kwamba hii ni siri ya kazi ambayo wakubwa huijua wakanyamaza. Tulipokaribia Deira nikaona sasa tumekuwa watu wazima wawili, nikauliza.

"Arbab, hao wawili watakuwa wamefika wapi saa hizi?"

"Kina nani?"

"Mtawa na yule kijana. Waliotoroka sir alipofariki."

Arbab alikuwa amesimama kwenye taa. Akageuza shingo, akanitazama nilivyokuwa nimekaa na boksi mapajani.

"Kakwambia nani hayo?"

"Otieno."

"Otieno huyu mlinzi?"

"Ndiye. Na mtalawanda ulibaki, Arbab, umeuona mwenyewe. Kama kile chetu, kina shoka na mchezo, wenyewe hawapo."

Taa ikawa kijani. Wa nyuma wakapiga honi, Arbab hakuondoka.

"Athumani," akasema, "hakuna aliyetoroka. Hawakuchongwa. Fundi aliwaacha makusudi, kwa kuwa anayeijua hadithi atawaona mwenyewe."